KAZI YA SERIKALI HUPIMWA KWA MAJI, SI KWA SARUJI

Mazungumzo kwa wenyeji wa Kabati, Kitui, juu ya kupima manufaa na gharama za kazi zinazofanywa kwa fedha ya watu wote



Mtu asimamapo penye soko la Kabati, kando ya barabara itokayo Machakos kwenda Kitui, huona kazi ya kupima ikifanywa mchana kutwa. Mwenye duka hupima pojo na mbaazi kwa mizani, naye mnunuzi huutazama mkono wa mizani kwa macho mawili. Anunuaye mbuzi humshika mgongoni kwanza ili ajue unono wake. Hapana mtu mwenye akili atoaye fedha yake bila kujua apatacho. Walakini fedha ile ile ikiisha kulipwa kuwa kodi, na kodi ikageuzwa kuwa bwawa, shule, barabara, zahanati au mbegu za kugawa, watu wengi huacha kupima. Husikia kwamba mamilioni kadha yametumiwa, hupiga makofi siku ya ufunguzi, kisha hurudi majumbani.

Jambo la mazungumzo haya ni kwamba kazi ya Serikali yaweza kupimwa kama lipimwavyo gunia la pojo, na kwamba mwananchi wa kawaida anayo haki ya kuipima, na uwezo pia. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya mtu mmoja ikipotea, mwenyewe hulia. Mali ya watu wote ikipotea, mara nyingi hapana aliaye, kwa kuwa hapana aliyejua kiasi kilichokuwapo.

MASWALI MAWILI

Kwa kila kazi ya Serikali yako maswali mawili makubwa. La kwanza: Je, kazi hii imeleta lile jambo ililokusudiwa kulileta? La pili: Je, jambo hilo limepatikana kwa gharama ya haki, au lingaliweza kupatikana kwa fedha, muda na jasho pungufu?

Maswali haya ni ndugu, lakini si pacha. Dawa yaweza kumponya mgonjwa na bado ikawa ghali kupita kiasi. Dawa nyingine yaweza kuwa ya bei ndogo sana na isimponye mtu. Anayesifu urahisi wa kitu kisichofaa ni sawa na anunuaye jembe la bei ya chini, na siku ya kwanza ya kulima likapinda. Kwa hiyo yafaa swali la kwanza liulizwe kwanza, na la pili lisiachwe.

Wala maswali haya si ufidhuli. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 229, inaagiza kwamba taarifa ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ithibitishe kama fedha za watu zimetumiwa kwa kufuata sheria, na kama zimetumiwa kwa njia yenye manufaa. Basi sheria kuu ya nchi haikuridhika na stakabadhi tu. Yataka kujua kama fedha ilizaa matunda.

Ili kuyajibu maswali hayo, hapana budi kutenga mambo matatu ambayo huchanganywa kila siku. La kwanza ni kilichotolewa: fedha, saruji, mafuta ya gari, siku za kazi za watu. La pili ni kilichotendwa: ukuta uliojengwa, maili za matuta zilizochimbwa, vitabu vilivyogawanywa. La tatu ni kilichopatikana: maji mtungini, mavuno ghalani, mtoto mwenye afya aendaye shule. Taarifa nyingi hujaa mambo ya kwanza na ya pili, kwa sababu ni mepesi kuhesabika. Lakini mwananchi hali saruji, wala hanywi ukuta. Jambo la tatu ndilo lililomfanya alipe kodi.

Nchi ya Ukambani imekwisha kuona mambo haya kwa macho. Ziko habari tatu za kufaa kukumbukwa, ya kwanza ya ng'ombe, ya pili ya matuta, na ya tatu ya mchanga.

HABARI YA NG'OMBE, MWAKA 1938

Katika miaka ya 1930 udongo wa Machakos ulikuwa ukichukuliwa vibaya na maji ya mvua. Mwaka 1937 mtaalamu wa kilimo wa Serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliandika taarifa ndefu juu ya uharibifu huo, pamoja na picha za makorongo na vilima vilivyobaki uchi. Serikali ilikata shauri kwamba dawa ni kupunguza mifugo. Mwaka 1938 ng'ombe walichukuliwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei ambayo wenyewe hawakuikubali, na wakati huo huo kiwanda cha nyama cha Athi River kilikuwa kikihitaji ng'ombe.

Matokeo yake yajulikana. Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi umati mkubwa kumwona Gavana, wakakaa huko majuma kadha. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu. Lakini kabla mwaka huo haujaisha, amri ya kuchukua ng'ombe kwa nguvu iliondolewa.

Mbali na dhuluma iliyokuwamo, habari hii yafundisha jambo la kipimo. Shabaha iliyotangazwa ilikuwa kuuokoa udongo na malisho. Kipimo kilichotumiwa kikawa idadi ya ng'ombe waliotolewa. Ofisa aliweza kuandika kwamba leo wametoka ng'ombe kadha wa kadha, na karatasi yake ikaonekana njema, huku korongo likizidi kuchimbika kule kule. Wala haikuhesabiwa gharama aliyoibeba mwenye ng'ombe: maziwa ya watoto, mahari, na akiba ya mwaka wa njaa. Gharama isiyoandikwa katika daftari la Serikali ni gharama vile vile, maana yuko mtu aliyeilipa. Na kazi ambayo watu wake hawakuulizwa neno hugharimu mara mbili, kwanza kuifanya, na pili kuifuta.

HABARI YA MATUTA

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ile ilianzisha mpango wa kuendeleza nchi za Waafrika, uliojulikana kwa jina la ALDEV, tangu mwaka 1946. Machakos ilipata sehemu kubwa ya fedha zake. Katika miaka ya kwanza watu walilazimishwa kutoka kwa zamu kuchimba matuta membamba. Urefu wa matuta ulipimwa ukaandikwa, nazo hesabu zilikuwa kubwa. Lakini matuta mengi ya namna hiyo yalibomoka upesi mvua iliponyesha, na aliyelazimishwa kuchimba shambani mwa mwenziwe hakuwa na haja ya kurudi kuyatengeneza.

Baadaye, katika miaka ya 1950, yalienea matuta mapana ya ngazi. Haya yalitaka jasho zaidi kuyachimba, lakini yalikaa, yakashika maji, na mkulima akaona tofauti katika mahindi yake msimu ule ule. Watu waliyachimba kwa mwethya, yaani vikundi vyao wenyewe vya kusaidiana, ambavyo viliwachagua viongozi wao. Wahenga walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Matuta membamba yalitembezwa na askari. Matuta mapana yalijiuza yenyewe, hata baada ya Uhuru wa mwaka 1963, wakati hapakuwa tena na mtu wa kulazimisha.

Basi ikiwa mtu angalipima kazi hiyo mwaka wa kwanza kwa urefu wa matuta peke yake, angalisifu njia iliyoshindwa na kuilaumu njia iliyofaa, kwa kuwa matuta membamba yalikwenda mbio na yale mapana yalikwenda polepole. Kipimo kibaya hakikosi tu kusema kweli. Humwongoza mtu kuchagua lililo baya.

Kipimo kilicho bora kilipatikana baada ya miaka mingi. Wataalamu Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichunguza wilaya ya Machakos, ambayo wakati wa mambo hayo yote ilikuwa pamoja na Makueni ya sasa, wakachapisha kitabu chao mwaka 1994. Walilinganisha picha zilizopigwa kutoka ndegeni katika miaka mbali mbali. Tena mahali palipopigwa picha mwaka 1937 palitafutwa, pakapigwa picha nyingine zaidi ya miaka 50 baadaye. Vilima vilivyokuwa uchi vilionekana vimevaa matuta na miti. Watu walikuwa wameongezeka kutoka 240,000 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1930 hata karibu 1,400,000 mwaka 1989. Hata hivyo, thamani ya mazao kwa kila mtu ilikuwa imepanda, wala haikushuka kama wengi walivyotabiri mwaka 1937.

Je, sifa hiyo yote ni ya Serikali? Hapo ndipo pa kutulia. Wataalamu wale wale walionyesha kwamba soko la Nairobi, barabara, kahawa ambayo Waafrika walikuja kuruhusiwa kuipanda, na mishahara ambayo vijana walituma nyumbani, vyote vilichangia. Serikali ilisaidia mahali fulani na kuzuia mahali pengine. Mpimaji mwaminifu hampi jogoo sifa ya kuleta alfajiri kwa sababu tu aliwika kabla ya kupambazuka.

Tena lipo jambo la pili. Hesabu ya wastani huweza kuficha watu. Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 1999, ulitazama habari za Mbooni, ukaonyesha kwamba maendeleo hayo hayakugawanyika sawa. Aliyekuwa na mshahara wa mjini aliweza kununua shamba na mbolea, na asiyekuwa nao aliachwa nyuma. Kwa hiyo haitoshi kuuliza, "Kimepatikana kiasi gani?" Yafaa kuuliza pia, "Kimempata nani?"

HABARI YA MCHANGA

Sasa twende kwenye mito yetu. Mito mingi ya Kitui hutiririka siku chache tu baada ya mvua, kisha hubaki njia za mchanga mtupu. Akina mama wa nchi hii wajua kuchimba mchanga huo kutafuta maji, na wajua pia jinsi shimo lizidivyo kwenda chini kadiri kiangazi kinavyoendelea.

Bwawa la mchanga limejengwa juu ya ujuzi huo huo. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukata mto mkavu, mahali penye mwamba. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani ya mchanga, ambamo jua haliwezi kuyanyonya upesi, wala mbu hawezi kutaga. Mchanga mnene waweza kushika maji kiasi cha robo ya ujazo wake au zaidi. Kazi hii ilijaribiwa Ukambani tangu siku za ALDEV. Ikaenea sana Kitui kuanzia mwaka 1995, wananchi waliposhirikiana na shirika la SASOL, hata yakajengwa mabwawa zaidi ya 500.

Ni mambo gani yaliyopatikana? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 ulieleza kwamba watu zaidi ya 67,500 wa Kitui walikuwa wamepata maji kwa wepesi zaidi, kwa gharama ya kama dola 35 za Marekani kwa kila mtu. Wachunguzi hawakutosheka na kuhesabu kuta. Walilinganisha wenyeji wa mahali penye mabwawa na wenyeji wa mahali pasipo nayo, wakauliza muda wa kuteka maji, mavuno, na mapato ya nyumbani. Penye mabwawa, muda wa safari ya maji ulipungua, na mapato yaliongezeka.

Lakini habari haikuishia hapo. Wataalamu wengine walipozunguka baadaye katika kusini-mashariki ya Kenya walikuta mabwawa mengi yasiyotoa maji ya kutosha. Sababu mojawapo ilikuwa haraka. Ukuta ukijengwa kwa kimo chake chote mara moja, maji ya mafuriko hutulia nyuma yake, na matope laini hushuka pamoja na mchanga. Matope hayatoi maji kwa wepesi. Ukuta ukiinuliwa kidogo kidogo, msimu baada ya msimu, matope hupita juu na mchanga mnene hubaki. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa nje kuta hizo mbili zafanana, na katika taarifa kila mmoja huandikwa "bwawa moja". Tofauti yake huonekana mwezi wa Septemba tu, mama anapotia kibuyu shimoni.

Hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba kazi hupimwa kwa maji, si kwa saruji.

JE, INGALIKUWAJE BILA KAZI HIYO?

Kati ya maswali yote ya kupima, hili ndilo gumu kupita mengine. Tuseme kijiji kimepewa mbegu mpya, na mwaka huo mavuno yakazidi. Je, ni mbegu, au ni mvua ya Novemba iliyonyesha vizuri? Kulinganisha mwaka jana na mwaka huu hakutoshi. Yatakikana kulinganisha kijiji kilichopewa na kijiji jirani kilicho sawa nacho ambacho hakikupewa, katika msimu ule ule wa mvua.

Njia hii ilitumiwa kwa uangalifu mkubwa huko Busia, magharibi ya Kenya. Kuanzia mwaka 1998 shule 75 ziligawanywa katika mafungu matatu. Watoto wa fungu la kwanza walipewa dawa za minyoo mwaka huo, na mafungu mengine yalipewa katika miaka iliyofuata, hata wote wakapata. Kwa kuwa shule hazikuchaguliwa kwa upendeleo, wataalamu Edward Miguel na Michael Kremer waliweza kulinganisha. Katika taarifa yao ya mwaka 2004 walisema kwamba utoro ulipungua kwa kiasi cha robo, na kwamba hata watoto wa jirani wasiomeza dawa walipata nafuu, maana minyoo ilipungua mahali pote. Nayo dawa ni ya gharama ndogo. Mwaka 2015 wataalamu wengine walizikagua hesabu hizo upya, wakabishana juu ya baadhi yake. Hilo si aibu. Hesabu isiyokubali kukaguliwa ndiyo ya kutiliwa mashaka. Bwana Kremer pamoja na wenziwe wawili walipewa tuzo ya Nobel ya elimu ya uchumi mwaka 2019 kwa ajili ya kazi za namna hii.

Katika wilaya za Busia na Teso ilipimwa kazi nyingine, ya kugawa vitabu vya shule, kuanzia mwaka 1996. Nani angalidhani kwamba vitabu vyaweza kukosa faida? Lakini alama za wanafunzi kwa jumla hazikupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu zamani, kwa sababu vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, na watoto wengi hawakuweza kuvisoma vema. Taarifa ya vitabu vilivyotolewa ingalikuwa ya kupendeza. Mtihani ndio uliosema kweli. Wala maana yake si kwamba vitabu ni vibaya, bali kwamba msaada hauna budi kumfikia mtu pale aliposimama.

HESABU YA GHARAMA

Turudi Kabati tuliangalie swali la pili, la gharama. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba yako mabwawa mawili. Bwawa la kwanza liligharimu shilingi 3,000,000, nalo hunywesha nyumba 100 kwa miezi 6 ya mwaka. Bwawa la pili liligharimu shilingi 2,000,000, nalo hunywesha nyumba 40 kwa miezi 2. Msikilizaji wa haraka atasema kwamba la pili ni rahisi. Sasa na tuhesabu. La kwanza hutoa maji ya nyumba 100 mara miezi 6, yaani 600. Ukigawa shilingi 3,000,000 kwa 600 wapata shilingi 5,000. La pili hutoa nyumba 40 mara miezi 2, yaani 80. Ukigawa shilingi 2,000,000 kwa 80 wapata shilingi 25,000. Lile lililoitwa rahisi ni ghali mara tano.

Katika hesabu hiyo yasisahauliwe mambo matatu. Mosi, siku za kazi za wananchi. Mawe na mchanga ulioletwa na watu kwa migongo yao si bure. Waliacha mashamba yao ili waulete. Pili, gharama za kutunza. Pampu isiyo na fedha ya kununulia vipuri ni chuma kitupu kabla ya mwaka wa tatu. Tatu, muda. Mama aliyekuwa akitumia saa 5 kuteka maji na sasa atumia saa 2 amerudishiwa saa 3 kila siku. Saa hizo zaweza kuwa shamba lililopaliliwa, au binti aliyefika shuleni mapema. Daftari lisilo na safu ya muda wa akina mama ni daftari lenye ukurasa uliochanwa.

MITEGO YA KUEPUKA

Mpimaji ajihadhari na mitego hii.

Kwanza, asipime siku ya ufunguzi. Bwawa lolote huonekana jema mwezi wa Desemba, baada ya mvua ya vuli. Lipimwe mwishoni mwa kiangazi, mwezi wa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, wakati mito imekauka. Na lipimwe mwaka wa kwanza, wa tatu na wa tano.

Pili, asionyeshwe mahali pazuri tu. Mgeni apelekwaye kila mara kwenye bwawa lile lile lililo karibu na lami, huyo anatembezwa, hapimi. Na yachaguliwe mabwawa kwa kupiga kura, hata yale ya mbali.

Tatu, asiache kipimo kigeuke kuwa shabaha. Ofisa akiambiwa kwamba atasifiwa kwa idadi ya mabwawa, atajenga mengi, membamba na ya haraka. Mwalimu akiambiwa atapimwa kwa mtihani peke yake, aweza kumwacha nyuma mtoto mzito. Kila namba na iwe na namba ya pili ya kuilinda. Pamoja na idadi ya mabwawa, iandikwe miezi ya maji. Pamoja na alama za mtihani, iandikwe idadi ya walioacha shule.

Nne, asidhani kwamba hesabu safi ni sawa na kazi njema. Kwa mwaka wa fedha wa 2017/2018, serikali za kaunti za Makueni na Nyandarua zilipata hati safi kutoka kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, jambo ambalo kaunti nyingine hazikulipata. Hiyo ni heshima kubwa kwa jirani zetu wa Makueni. Lakini hati safi yasema kwamba vitabu vya fedha vimeandikwa sawasawa. Swali la maji mtungini lina daftari lake jingine, na madaftari yote mawili yatakikana.

MWANANCHI AFANYE NINI?

Huko Makueni, tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, desturi iliwekwa ya kuwa na kamati za wananchi za kusimamia kila kazi. Wanakamati hujua kazi imekusudiwa kuwa ya namna gani, huitazama ikijengwa, na mjenzi hutakiwa kupata sahihi yao kabla ya kulipwa. Desturi hiyo ni mwanzo mwema, kwa kuwa jicho la mwenye mali halisinzii. Lakini sahihi hiyo huwekwa siku ukuta unapokwisha, na kazi ya kupima manufaa huanza siku ile.

Kwa hiyo kila kamati, kila chama cha akina mama, na kila mwethya, yafaa wawe na daftari moja la shilingi chache. Kabla ya kazi kuanza, waandike hali ilivyo: nyumba ngapi hutumia maji hayo, saa ngapi za kuteka, kisima hukauka mwezi gani, watoto wangapi waliugua tumbo. Waandike pia shabaha ya kazi kwa maneno machache, na fedha iliyotengwa. Kisha kila mwaka, mwezi ule ule, waandike tena mambo yale yale. Na kama yawezekana, waandike na habari za kijiji jirani kisicho na bwawa, ili mvua isipewe sifa ya ukuta, wala ukuta usilaumiwe kwa ajili ya ukame. Kazi hii haitaki shahada. Mtoto wa darasa la saba aweza kuishika kalamu, na bibi asiyejua kusoma aweza kuisema kweli ya mwezi ambao maji yalikwisha.

Ofisa anayependa kazi yake hatalichukia daftari hilo, bali litamsaidia kudai fedha kwa ajili ya kazi iliyofaa. Anayelichukia, watu watakuwa wamekwisha jua sababu.

Wala watu wasione haya kutangaza kwamba kazi fulani imeshindwa. Bwawa lililojaa matope na likasemwa wazi huwafundisha wengine kujenga ukuta kidogo kidogo. Bwawa lililojaa matope na likafichwa huzaa mabwawa kumi ya matope. Hasara ya kwanza ni ya fedha. Hasara ya kunyamaza ni ya kizazi kizima.

Basi katika baraza lijalo, kiongozi yeyote atakaposimama na kutangaza kwamba mamilioni yametumiwa, mzee mmoja na ainue mkono, au mama mmoja asimame, aulize kwa adabu maswali haya: Kazi hii ilikusudiwa kuleta nini? Kimepatikana kiasi gani, nacho kimempata nani? Ingalikuwaje kama kazi hii isingalifanywa? Na kwa fedha hiyo hiyo, je, halikuwapo jambo jingine lililo bora zaidi? Majibu yaandikwe daftarini mbele ya watu wote, na mwaka ujao, mwezi wa Septemba, yasomwe tena kwa sauti kando ya mto.